Dialize: juu ya nini damu inakwama mu chujio

Kama umekwisha kumusindikiza ndugu ku dialize, kile chombo unakijua. Ni bomba ya plastiki, unaona mpaka ndani, urefu wake kutoka kiganja mpaka kiwiko cha mukono. Ndani muko fungu la nyuzi nyeupe, sawa nyuzi za kushonea zilizofungwa pamoja. Damu inaingia ku kichwa chenye alama nyekundu, inatokea ku kile cha bulu, na kisha masaa ine muuguzi anakifungua na kukitupa. Kesho kutwa, kingine. Mugonjwa mwenye kufuata dialize sawa vile wanganga wanaomba, mara tatu kwa juma, anatumia vyombo 156 kwa mwaka mumoja.

Kwetu, wengi hawafikie ile hesabu. Familia inalipa na mufuko yake. Inauzisha kiwanja, inachangisha mu kanisa, inapigia simu wale walio Ulaya. Kisha mara tatu inakuwa mara mbili, na mara mbili inakuwa moja. Njo maana swali lenye wasomaji wanatuletea haliko swali la siansi, ni swali la makuta. Kama ni chujio tu, juu ya nini wasikioshe na kukitumia tena, sawa vile tunaosha chujio ya chai? Na juu ya nini kimoja kinauzwa bei ya chini, kingine bei kali, na kwa macho vyote ni ndugu mapacha?

Tumeuliza, tumesoma, na jibu tulilopata lilitushangaza kidogo. Bomba yenyewe haina siri. Siri iko ku ngozi ya ndani ya zile nyuzi, fasi damu inakutana na plastiki.

Nyuzi elfu kumi

Kila uzi ule ni mupira mudogo sana, uko na tundu katikati. Upana wa tundu ni karibu sehemu moja ya tano ya milimetre. Ukuta wake ni mwembamba zaidi kuliko unywele wa mutu. Mu chombo kimoja munapangwa nyuzi karibu 10,000, na kama ungezipasua zote na kuzitandika chini, zingefunika mulango wa nyumba: metre carré moja na nusu, mara ingine mbili.

Damu inapita ndani ya nyuzi. Inje ya nyuzi munapita maji yenye chumvi yake iliyopimwa, yanakwenda kinyume na damu. Ukuta wa uzi njo utando wenye kuchuja. Uchafu wenye mafigo yalipaswa kutoa unavuka utando, unaingia mu maji, maji yanamwangwa. Maji yale ni nusu litre kwa kila dakika. Piga hesabu ya masaa ine: litre 120, maana yake bidoni sita za litre 20 kwa mugonjwa mumoja, siku moja. Na maji yale yanapaswa kuwa yamesafishwa mbele, tena na utando mwingine wa plastiki, juu maji ya robinet hayawezi kukaribia damu namna ile. Lakini hiyo ni habari ingine, tutairudilia siku moja.

Sasa, kuchuja nini? Hapa njo kazi inakuwa nguvu. Urea, uchafu unaojulikana zaidi, ni kitu kidogo sana. Tuseme urea iko na uzito wa kilo moja. Basi kuna protini moja wanaita beta-2 mikroglobulini, uzito wake ungekuwa karibu kilo 200. Na albumini, protini kubwa ya damu yenye kushikilia maji ndani ya mishipa, ingekuwa na kilo 1,100. Utando unapaswa kuacha urea ipite, kuacha beta-2 ipite, na kushika albumini. Mugonjwa akipoteza albumini mingi, miguu inavimba, mwili unalegea, hata kama anakula.

Mutu anaweza kusema: kilo 200 na kilo 1,100, tofauti ni kubwa, kutoboa tundu la katikati haiko shida. Lakini protini imekunjwa sawa mupira wa matambara. Ukiongeza uzito mara tano, upana hauongezeke hata mara tatu. Albumini ni pana karibu mara mbili tu kuliko beta-2. Kwa hiyo matundu yanapaswa kulingana sana, yote elfu na maelfu, juu ya lile eneo lote la mulango. Na hata ukifaulu kuyatoboa sawasawa, damu ikifika inaanza kuyaziba.

Bidoni ya manjano

Kila nyumba kwetu iko na bidoni ya manjano. Weka maji mazuri ndani, siku nyingi, kisha ingiza kidole: ukuta wa ndani unateleza. Kitu kimejenga pale. Hakuna mutu aliyepaka kitu, ni plastiki yenyewe iliyokaribisha.

Na damu ni vile vile, lakini haingoje siku nyingi, inafanya mu sekonde. Protini imekunjwa kwa akili: sehemu zinazopenda maji ziko inje, zile zinazokimbia maji, sawa mafuta, zimejificha ndani. Ikigusa plastiki isiyopenda maji, inafunguka. Ile sehemu ya mafuta inatoka, inajilaza juu ya plastiki, inakamata. Ingine inakuja juu yake. Albumini mara nyingi njo inafika ya kwanza, juu njo mingi kuliko zote. Kisha fibrinojeni inakuja kuisukuma na kuchukua kiti chake, na kisha fibrinojeni yenyewe inasukumwa na zingine. Ile michezo ya kusukumana inaitwa kwa jina la Leo Vroman, Muholanzi aliyefanya kazi Marekani. Alikuwa tena mutunga mashairi mwenye kujulikana sana kwao, kitu chenye hatukutegemea kukuta mu habari ya mafigo.

Fibrinojeni njo ya kuogopa. Vile vipande vidogo vya damu vyenye kuziba kidonda vinaitambua. Vikiikuta imelala ku plastiki, vinaamini kwamba mutu amekatwa. Vinashikana, damu inaganda. Mu chumba kimoja cha dialize tulichotembelea, walituonyesha chombo kikiisha kazi, wamekisukuma na maji ya chumvi kurudisha damu kwa mwenyewe. Nyuzi nyingi zilikuwa zimerudia weupe. Lakini ku upande mumoja mulikuwa mistari myekundu, mirefu, sawa wino wa bic. Kila mustari ni uzi uliozibwa. Damu iliyo ndani haitarudi tena mu mwili, na kwa mutu mwenye tayari damu yake ni kidogo, si mambo ya kuchekelea.

Juu ya kuzuia hayo wanaweka heparini mu damu. Inasaidia, lakini mutu aliye na kidonda, ao aliyetoka kupasuliwa, heparini inaweza kumumwanga damu. Basi watu wa utando walijiuliza: namna gani kufanya plastiki yenyewe isikamate?

Karatasi ya soseji

Munganga Willem Kolff alianza na kitu alichokuwa nacho. Ilikuwa mu Uholanzi, muji wa Kampen, mwaka 1943, Wadachi wakiwa wamekalia inchi. Alichukua selofani, ile ngozi ya kufungia soseji, akaizungusha juu ya pipa ya mbao, akaitumbukiza mu maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa kwanza walikufa karibu wote, juu walikuwa wanafika ku mwisho. Mu mwaka 1945 mama mumoja wa miaka 67, Sofia Schafstadt, aliamka. Akaishi miaka ingine.

Selofani inatoka ku miti: ni selulozi, ndugu ya karatasi na pamba. Inapenda maji, protini haikamate sana juu yake. Kwa miaka mingi dialize ya dunia ilikuwa selulozi tu. Lakini wauguzi waliona kitu. Mu nusu saa ya kwanza, mugonjwa mara ingine alikuwa anakohoa, kifua kinabana, halafu inapita. Mu mwaka 1977 watafiti wa Marekani walieleza sababu. Ku ngozi ya selulozi munajaa viungo vidogo vya oksijeni na hidrojeni, na ulinzi wa damu unaviona sawa ngozi ya mikrobu. Unapiga kengele. Askari weupe wa damu wanakimbia, wanakwenda kukwama mu mapafu, na ku vipimo hesabu yao inaanguka sana kwa dakika chache.

Dawa haikuwa kutupa selulozi. Walivika vile viungo nguo. Sehemu ingine walifunga na acetate, ingine na vikundi vingine vya kemia, na Wajapani wakafika hata kupaka vitamini E juu. Uzi ni ule ule, tundu ni lile lile, ni ngozi tu imebadilika, na kengele ikapunguka. Sisi tunaona kwamba pale njo watu walielewa kweli: damu haijue utando umetengenezwa na nini ndani. Inajua tu kile inachogusa.

Wakati ule, shida ingine ilikuwa inajificha mu mikono ya wagonjwa. Waliodumu miaka mingi ku dialize walikuwa wanapoteza vidole: ganzi, maumivu ya usiku, kiungo cha mukono kinakazana. Mu mwaka 1985, watafiti wa Japani walikuta kitu kilichojaa mu viungo vile. Ilikuwa ile beta-2 ya kilo 200. Utando wa selulozi ulikuwa na matundu madogo sana, ulikuwa unatoa urea na kuacha beta-2 ijenge mu mifupa. Tangu pale hakukuwa tena njia ya kurudi nyuma: ilipaswa matundu makubwa zaidi, maana yake plastiki za kiwanda, polima za kweli.

Pulovere ya Wafaransa

Polima moja ilikuwa tayari. Kiwanda cha Rhône-Poulenc, Ufaransa, kilikuwa kimetengeneza mu 1969 utando wa akrilonitrile. Njo maana jina lake ni AN69. Akrilonitrile ni kitu mama za soko wanakijua bila kukijua: pulovere za akriliki zenye kuuzwa mu balo za vintu vya Ulaya zinatoka ku ukoo ule ule. Wafaransa waliongeza ndani vikundi vyenye umeme wa kupunguza, hasi, kusudi utando upende maji. Na ulipenda. Tena ulikuwa unakamata beta-2 na kuifunga ndani ya ukuta wake, sawa sponji. Watu walifurahi.

Halafu, karibu na mwaka 1990, habari mbaya zikaanza kufika. Mugonjwa anaunganishwa ku mashini, dakika tano hazijaisha, uso unavimba, tansio inaanguka, pumzi inakosa. Hapana wagonjwa wote. Walipofananisha, waliona wengi wa wale walikuwa wanakunywa dawa moja ya tansio: zile zenye jina kuishia na -pril, sawa captopril na enalapril.

Maelezo yake ni mazuri kuliko hadithi ya polisi. Ule umeme hasi ku ngozi ya utando unaamsha protini moja ya damu, ile inaamsha ingine, na ku mwisho munazaliwa bradikinini, kitu chenye kufungua mishipa na kuvimbisha. Mu mwili wa kawaida bradikinini haidumu, kuna mukasi wa kuikata mara moja. Lakini dawa za -pril zinafunga ule mukasi. Njo namna zinashusha tansio. Utando unazalisha, dawa inazuia kukata. Kimoja bila kingine, mara nyingi ilipita bila kelele. Vyote viwili pamoja, mutu anaweza kufa mbele ya macho ya muuguzi.

Walitengenezaje? Kwa kupaka tena. Walichukua polima ingine, polietilenimini, yenye umeme wa kuongeza, chanya. Walichagua yenye nyuzi kubwa sana, kusudi isiingie mu matundu: inabaki juu tu, inalala ku ngozi, inafunika umeme hasi wa pale damu inapita. Ndani ya ukuta, sponji inaendelea kukamata beta-2 sawa zamani. Na kwa faida, heparini iko na umeme hasi, basi inashikamana juu ya ile nguo mupya, na hospitali zinaweza kuweka heparini kidogo zaidi mu damu.

Kwa msomaji wetu mwenye ndugu ku dialize, hapa kuna kitu cha kufanya leo. Andika ku karatasi majina ya dawa zake za tansio, zote, hata zile alinunua mwenyewe ku pharmacie ya kona. Mupe munganga wa dialize, na umuulize ni aina gani ya utando wanatumia. Usikatishe dawa wewe mwenyewe. -Pril inalinda moyo wa wengi. Lakini ule munganga anapaswa kujua.

Bétadine mu uzi

Siku hizi utando mwingi unaokutana nao ni polisulfoni ao dada yake polietersulfoni. Ni plastiki nguvu, unaweza kuipika na mvuke ya kuua mikrobu na haivunjike. Shida yake: haipendi maji hata kidogo. Maji juu yake yanafanya matone, sawa juu ya sahani iliyopakwa mafuta ya ngazi. Na tulikwisha kusema, plastiki yenye kukimbia maji njo protini inaifungukia.

Basi wanaichanganya. Mu kiwanda wanayeyusha polisulfoni mu dawa, wanaongeza polima ingine inayopenda maji sana, halafu wanasukuma ule uji kupitia tundu la mviringo mpaka mu maji. Uji ukigusa maji unaganda mara moja: upande wa ndani ngozi nyembamba, nyuma yake sponji ya kuishikilia. Njia hii ya ngozi-na-sponji ilitoka kwa Loeb na Sourirajan, California, waliokuwa wanatafuta kutoa chumvi mu maji ya bahari. Ile polima ya pili, sehemu yake inatoka na maji, ingine inabaki imefungwa mu polisulfoni, na inaonyesha kichwa ku ngozi.

Jina lake ni polivinilpirolidoni, ao kwa kifupi povidone. Angalia chupa ya Bétadine nyumbani kwako. Povidone iliyoandikwa pale, yenye kushika iode, njo hiyo.

Namna inafanya kazi haiko uchawi. Povidone inashika maji, inajivika maji. Protini ikikuja kukamata, inakuta kwanza ule ukuta wa maji, na kuusukuma kunaomba nguvu yenye haina. Inapita njia. Mu maabara wanaendelea mbali zaidi na wazo lile lile. Wanapanda nyuzi ndogo za polima ku ngozi, zimesimama wima sawa manyoya ya brosi, kwa kutumia mwangaza wa ultravioleti ao gazi yenye umeme. Ingine wanatumia vikundi vyenye kubeba chanya na hasi pamoja, sawasawa, kusudi utando kwa jumla usivute kitu, na maji yakae pale yamefungwa nguvu. Ku karatasi matokeo ni mazuri. Lakini brosi ikiwa nene inaziba lile tundu lenye tulitaka kulinda, na kitu chenye kufanya kazi ku kipande cha sentimetre moja hakipandike kwa urahisi ndani ya nyuzi elfu kumi, kwa bei yenye mutu anaweza kulipa. Njo maana povidone bado ni mufalme.

Tuseme ukweli wote: kukwama kidogo kuna faida. Mu dakika za kwanza, utando mupya wenye matundu makubwa unaachilia albumini kidogo. Kisha protini zikikwisha kupaka ngozi, tundu linapunguka na albumini inabaki. Kwa hiyo damu inamaliza yenyewe kazi ya kiwanda. Shida ni pale ule mupako haujue kusimama.

Na ngozi nzuri kwa mumoja ni mbaya kwa mwingine. Selulozi ile yenye kupiga kengele mu damu, viwanda vya dawa vinaipenda sana leo, juu protini haziikamate, na mu kiwanda hakuna askari weupe wa kuamusha. Kwetu ile haiko habari ya mbali. Mu 2018 na 2019, Kivu ya Kaskazini, wagonjwa wa Ebola walipewa antikori iliyotoka ku damu ya mutu aliyepona Kikwit mwaka 1995, mu kazi yenye Profesa Muyembe aliisimamia. Kati ya waliopewa ile antikori, waliokufa walikuwa karibu 35 kwa 100, wakati dawa ya kufananisha ilikuwa karibu 50 kwa 100. Antikori namna ile inazalishwa na seli mu matanki, na mbele ifike mu chupa inasukumwa kupitia tando: moja ya kushika virusi, ingine ya kupitisha maji na chumvi na kubakiza protini. Ikikwama ku ngozi ya utando, dawa yenyewe njo inabaki kule.

Kuosha na kurudilia

Sasa turudi ku swali la makuta. Kuosha chombo na kukitumia tena haiko ujinga wala haiko kitu cha maskini peke yao. Mu Marekani, miaka ya 1990, sehemu kubwa ya vituo vya dialize ilikuwa inafanya vile. Waliacha polepole wakati bei ya vyombo ilishuka. Inchi zingine zinaendelea mpaka leo. Lakini hapa habari ya ngozi inakuwa habari ya mugonjwa wako.

Kuna njia mbili kubwa za kuosha. Moja ni Javel. Javel inakula protini zilizokwama, nyuzi zinarudia nyeupe, macho yanafurahi. Lakini inakula tena povidone. Ngozi inavuliwa nguo, matundu yanapanuka, na mara baada ya mara albumini inaanza kutoroka. Unaweza kuona chombo kisafi sana, na ni kile kisafi njo kinamwanga protini za mugonjwa mu maji. Njia ya pili ni asidi ya perasetiki. Ile inaua mikrobu na haivue ngozi, lakini haitoe protini vizuri. Inazikausha pale pale. Albumini inabaki ndani, sawa, lakini beta-2 haipite tena vile ilipaswa, na miaka inapita, na mikono inaanza kuuma.

Kwa hiyo kituo chenye kurudilia vyombo kwa haki kinapima. Kinapima wakati wa kwanza nyuzi zinabeba maji kiasi gani, na kila mara kisha kuosha kinapima tena. Kama imeshuka chini ya 80 kwa 100, chombo kinatupwa, juu maana yake nyuzi nyingi zimezibwa. Kinaangalia kama hakuna uzi uliopasuka. Kinaangalia kama dawa ya kuosha imetoka yote mbele ya kumuunganisha mugonjwa. Chombo kinaandikwa jina, na hakitoke kwa mutu mumoja kwenda kwa mwingine, hata siku moja. Na mugonjwa mwenye hepatite B, chombo chake hakioshwe, kinatupwa.

Familia iko na haki ya kuuliza haya, kwa adabu, bila kupiga kelele. Kinaoshwa ao hakioshwe? Na nini? Kwa mara ya ngapi leo? Nani alipima? Jina la mama yangu liko wapi? Muuguzi muzuri hakasirike, anafungua kitabu na kuonyesha. Pale hakuna kitabu, afazali mara mbili kwa juma na chombo kipya kuliko tatu na kile chenye hakuna mutu anajua historia yake. Ao tuseme vizuri zaidi, ile hesabu ufanye pamoja na munganga, hapana peke yako ku mulango wa caisse.

Mu kile chumba tulichotembelea, chombo chenye mistari myekundu kilikuwa kipya asubuhi. Muuguzi alikigeuza mara mbili mbele ya taa, akahesabu, akaandika mu kitabu kwamba siku ya Alhamisi heparini iongezwe kidogo. Mugonjwa, papa wa miaka mingi, alikuwa anatafuta kiatu chake chini ya kitanda na kuuliza kama mvua imekwisha.